Nikiwa mwanafunzi wa mifugo wakati wa vita vya Kagera, nilizika ng'ombe wa watu pamoja na ngozi yake

Wakuu, za jioni.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za vijana wanaolalamika kuhusu field. Bosi mkali, posho hakuna, chumba kina kunguni. Nikaona na mimi mzee wenu niwasimulie ya kwangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu baadhi ya watu waliokuwepo bado wako hai na watoto wao wana simu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Kasulo, Ngara. Nyumbani kwetu tulikuwa na migomba, maharage na kuku. Ng'ombe tulikuwa tunawaona kwa watu.

Leo nina Diploma ya Afya ya Mifugo. Nimefanya kazi mikoa ambayo wengi wenu mnaisoma kwenye ramani, nimestaafu, nimerudi Kasulo na nimejenga nyumba ambayo mgeni akifika haulizi ni ya nani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Atakayesema najisifu, ni kweli najisifu. Nimeihangaikia.

Lakini uzi huu ni wa shukrani. Kuna wazee wawili ambao bila wao ile Diploma ningeipata, ila ningekuwa bwana mifugo wa hovyo.

Twende.

Nilipoingia chuoni nilikuwa sijawahi kushika ng'ombe hata mkia. Wenzangu wa Kisukuma walizaliwa zizini, wakanifanya burudani. Siku ya kwanza ya kupima joto la ng'ombe, nilishika kipimajoto nikaelekea upande wa mdomo. Walicheka mpaka mkufunzi akatafuta mahali pa kukaa.

Mwaka ulipoisha, kwa masomo ya vitendo nilikuwa wa kwanza. Naliacha hapo.

Mkufunzi wetu alikuwa na somo moja alilorudia mpaka likatuchosha. Ng'ombe akifa ghafla, akavimba haraka, damu nyeusi ikamtoka puani na nyuma na haigandi, usimguse kwa kisu. Hicho ni kimeta. Kinaua ng'ombe, kinaua anayechuna, kinaua anayekula. Mnakata ncha ya sikio tu, mnapaka tone la damu kwenye kioo cha maabara, halafu mnamzika mzima mzima.

Nikiwa mwaka wa pili, vita vikaanza. Chuo hakikufungwa. Mimi nikapangiwa field Biharamulo, kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nyarubungo. Jina la kijiji naliacha.

Bwana mifugo aliyepaswa kunisimamia aliitwa kwenda kukagua nyama ya askari. Akaniachia sanduku la dawa na baiskeli. Kijiji kizima kikaanza kuniita Bwana Mifugo. Sikuwasahihisha.

Nilikaa kwa Mzee Bukuru. Yeye na mke wake walitoka Burundi wakati wa machafuko ya kule, wakafikia Bugarama, Ngara, na baadaye wakahamishiwa kijijini pale. Alikuwa na watoto wengi na ng'ombe mmoja jike, mwekundu, akiitwa Gaju. Alikuwa na mimba kubwa.

Asubuhi moja mama wa nyumba alinigongea dirisha. "Bwana Mifugo, amka. Gaju amelala vibaya."

Nilimkuta amekufa. Tumbo limeshakuwa ngoma, miguu haijakakamaa, damu nyeusi kama lami inatoka puani. Jioni yake alikuwa amekula vizuri.

Wakuu, kusoma kitu darasani ni jambo moja. Kukikuta kimelala mbele yako na watu wanakuja na visu na masufuria ni jambo lingine.

Maana walishaanza kuja. Nyama ilikuwa adimu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mbele yao na tayari alikuwa na mpango: mapaja mawili yapelekwe kambini kwa mgambo waliokuwa wanafanya mazoezi, kinachobaki kigawanywe kwa kaya.

Nikasema hapana. Huyu anazikwa.

"Kijana, unajua kuna vita?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Najua, ndugu Mwenyekiti."

"Vijana wetu wanakula maharage ya jana, wewe unazika nyama. Unajua hiyo inaitwaje? Inaitwa kuhujumu."

Neno hilo siku zile halikuwa la mchezo. Lakini nilikuwa kijana na nilikuwa na mdomo. Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, wapelekee mgambo nyama hii, halafu mpigie nduli simu umwambie abaki na risasi zake."

Mama mmoja akaondoa sufuria yake taratibu akaiweka nyuma ya mgongo.

Mwenyekiti akamgeukia mwenye ng'ombe. "Mzee Bukuru, ng'ombe ni wako. Unasemaje?"

Mzee Bukuru akanivuta pembeni. Nilijua anataka kuniomba nyama ya watoto. Sivyo.

"Nyama sina neno nayo, mwanangu," akasema. "Niachie ngozi."

"Ngozi ndiyo mbaya zaidi, mzee. Unataka kuifanyia nini?"

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuoni hawakufundisha. Gaju hakuwa wa kununuliwa, alikuwa wa kugabiwa, yaani wa kupewa kwa masharti ya kimila. Aliyemgabia ni Mzee Kabwigwa wa Bugarama, aliyempokea Bukuru alipovuka mpaka hana kitu. Ng'ombe wa namna hiyo unakunywa maziwa yake na unafuga ndama wake, lakini ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyekugabia. Na ng'ombe akifa, unampelekea ngozi. Ngozi ndiyo inayosema hukumuuza.

Sasa fikirieni. Ndama aliyekuwa tumboni, akizaliwa jike, alikuwa wa kurudi Bugarama. Leo Bukuru aende akaseme ng'ombe amekufa na ndama wake, ngozi hana, kaburi liko wilaya nyingine. Nani atamwamini? Na yeye ni mtu wa kuja. Heshima yake yote katika nchi hii ilisimama juu ya yule ng'ombe.

Nikamwambia, "Mzee, ukichuna, mikono yako itaota vidonda vyeusi, na anaweza kufuata mtoto. Mimi nitakwenda na wewe Bugarama nikaseme."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Mimi ni mwanafunzi, sare ya chuo, ndevu hazijashika. Maabara ilikuwa mbali, majibu yangekuja Mungu akipenda. Hakuwa na kitu cha kushika zaidi ya neno langu.

Akaenda akachukua jembe.

Alichimba yeye mwenyewe, kimo cha mtu, mimi nikimsaidia. Tulipomfukia tukaweka mawe na miiba. Mke wake alisimama mlangoni, na mimi sikuweza kumtazama.

Damu nilipaka kwenye vioo viwili. Kimoja nikakituma wilayani kiende maabara. Kingine nikakifunga kwenye karatasi nikakitia mfukoni, ndiyo ushahidi wangu.

Safari ya Bugarama siielezi yote. Malori yote yalikuwa yanakwenda kaskazini vitani, sisi tunakwenda magharibi. Baiskeli moja, watu wawili, pori lenye mbung'o. Tulilala kwa mama yangu Kasulo, akatupikia ndizi na maharage, akamuuliza Bukuru kama ni kweli mwanawe anawachoma ng'ombe sindano au anadanganya.

Tulimkuta Mzee Kabwigwa amekaa nje na mrija wake kwenye kibuyu cha pombe ya ndizi. Mtu mrefu, mkavu, ana ng'ombe wenye pembe ndefu ambao ukiwaona unajua kwa nini watu huwatungia sifa.

Tukaamkia. Marahaba. Tukakaribishwa. Kisha Mzee Bukuru akasema kwa sauti ndogo kwamba Gaju hayupo.

"Ngozi?"

Nikaona ni zamu yangu. Nikasimama, nikaeleza kimeta kwa Kiswahili cha darasani, vijidudu, udongo, kanuni za serikali, nikatoa kile kioo mfukoni.

Akakipokea, akakiinua kwenye jua.

"Ng'ombe wangu yumo humu?"

"Damu yake, mzee."

"Serikali imetuhamisha, imetuhesabu, sasa inazika hata ngozi na kutuletea kigae." Akanirudishia. "Kiswahili chako ni kizuri, kijana. Ngozi ningeilalia. Hiki nitakilalia vipi?"

Wanawe wakacheka. Mzee Bukuru hakuinua kichwa.

Kisha Kabwigwa akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanituma na mwanawe nikaangalie ng'ombe zizini, yeye akabaki na Bukuru. Baadaye akamtoa Bukuru, akaniita mimi. Akaniuliza Gaju alilalia upande gani. Nani alimwona wa kwanza. Damu ilikuwaje. Nani alikataza asichunwe.

Kwa hilo la mwisho nikamjibu, "Ni mimi, mzee. Yeye alitaka kukuletea ngozi, mimi nikamzuia. Kama kuna kosa ni langu."

Akamwita Bukuru arudi. Tukakaa wote.

"Nimewauliza mmoja mmoja," akasema. "Yote mmesema sawasawa, isipokuwa moja. Huyu anasema yeye ndiye aliyekataza. Na wewe, Bukuru, umeniambia kijana hakukulazimisha, umezika kwa mkono wako na kwa akili yako."

Mimi na Bukuru tukaangaliana.

"Watu waliouza ng'ombe wakala hela hutupiana kosa. Ninyi mnanyang'anyana." Akavuta mrija, akameza. "Gaju amekufa. Nimesikia."

Kisha akamwambia mwanawe atoe mtamba zizini, mwekundu vilevile, akamgabia Bukuru mara ya pili, mbele ya watu. Mzee Bukuru alipokea kwa mikono miwili na machozi yakamtoka hadharani, mtu mzima. Mimi nilijifanya naangalia kwato za mtamba.

Kabla ya kuondoka nilimchoma yule mtamba sindano ya kinga ya ndorobo, kwa ajili ya mbung'o wa porini. Kabwigwa akasimama kando akiangalia mkono wangu. "Huyu kweli anajua," akawaambia wanawe. Nimepewa vyeti vingi, lakini sifa hiyo naikumbuka neno kwa neno.

Majibu ya maabara yalikuja wakati nakaribia kumaliza field. Kimeta. Kijiji cha jirani walikuwa wamemchuna ng'ombe wao, na wachunaji walilazwa na vidonda mikononi. Mwenyekiti alikuja mwenyewe nyumbani, akanipa mkono, akaniita Bwana Mifugo mbele ya mgambo. Hata yeye simlaumu. Alikuwa anawatafutia watu chakula.

Nikafaulu field kwa alama za juu kabisa, kama kawaida yangu.

Vijana mlioko vyuoni, nawaambia hivi. Elimu yako ikimtaka mtu apoteze kitu, nenda naye mpaka kule atakakoulizwa. Usimwachie kanuni mkononi ukaondoka na baiskeli yako. Mimi nilikuwa sahihi tangu asubuhi ile, na bado ningemvunja yule mzee kwa usahihi wangu.

Mzee Bukuru na Mzee Kabwigwa wote wametangulia. Mmoja aliniamini kabla maabara haijasema, mwingine alituamini bila ngozi. Nawashukuru mpaka leo, na wajukuu wao wakisoma hapa wajue hivyo.

Wakuu, nawaachia uwanja. Hasa wale mliotoka kwenye familia za ng'ombe wa kugabiwa: kwenu ng'ombe akifa mlikuwa mnapeleka nini, na mkikosa ilikuwaje?