Karatasi ya Ahadi ya Eirwen

Jirani yangu Eirwen, mpishi wa shule ya bonde letu, aliitembea Wales nzima kwa kidole kabla hajafunga hata kamba ya kiatu. Majira yale ya kuchipua, kila jioni alitandaza ramani mezani, akavaa miwani, akaanza safari kutoka bahari ya kusini kwenda ya kaskazini, mlima kwa mlima, siku kumi na mbili. Ukimwuliza kitu, hakusikii. Chai inapoa, ukungu unashuka mpaka dirishani, naye yuko juu huko anatafuta pa kulala siku ya tano.

"Hapa pana kijito," ananiambia, sauti kama ya mtu aliye usingizini. "Nitavua viatu nivuke."

"Vuka, shoga. Lakini atakayekuchangia ni nani?"

Hapo anazinduka. Maana safari ilikuwa ya kuchangia kikosi cha uokoaji mlimani, wale watu wetu wa kujitolea wanaoacha chakula mezani na kwenda kutafuta waliopotea. Gari lao lilikuwa limechoka kabisa. Na karatasi ya ahadi, ambapo kila mtu huandika jina lake na kiasi atakachotoa kwa kila maili, ilikuwa bado nyeupe pe.

Si kwamba watu wetu ni wachoyo. Eirwen hakuwa ameomba! Alipita nyumba hadi nyumba na karatasi mfukoni, akasifu maua, akalaumu mvua, akanywa vikombe viwili vya chai, akarudi. Nilimkasirikia mno. "Wewe mwanamke una nini? Mdomo umeshonwa?"

Nilijua alikuwa na nini. Ukiomba, utaulizwa kwa nini kikosi kile, nawe itabidi ujibu. Miaka tisa nyuma walimtafuta mwanawe Iolo siku nne kwenye theluji, wakamshusha akiwa maiti. Tangu hapo Eirwen hakulitaja jina hilo mbele ya mtu, na sisi, kwa ustaarabu wetu mbovu, hatukulitaja mbele yake. Tukikutana, tunazungumzia mvua.

Jumamosi nikamshika mkono hadi buchani kwa Emrys. Kwetu watu huanzia pale, kwa sababu kiasi anachoandika wa kwanza ndicho wanachofuata wengine, na Emrys si mkono wa birika. Tena yeye mwenyewe ni mtu wa kikosi. Tulikuta foleni imefika mlangoni.

"Nikupe nini, Eirwen?"

"Nyama ya kusaga. Ratili moja."

"Na nini tena?"

"Na soseji," akasema. Nilitaka kumfinya.

"Ngapi?"

"Emrys." Akaiweka karatasi juu ya kioo cha meza ya nyama, imekunjamana hata haitazamiki. "Natembea kwenda kaskazini. Kwa ajili ya Iolo. Iolo mwanangu."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Emrys akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwa aproni, akajifuta tena, akaandika jina lake na kiasi kikubwa kuliko nilivyotarajia. Kisha akabaki ameshika kalamu.

"Mimi ndiye niliyemfikia kwanza," akasema. "Glavu yake moja ilikuwa imepotea. Nikamvisha yangu. Najua haikumfaa kitu, Eirwen. Ila sikuweza kumshusha mkono ukiwa wazi kwenye theluji ile."

Eirwen akashika ukingo wa meza. "Ya kijivu? Ya sufu?"

"Ya kijivu. Mke wangu aliifuma."

"Hospitali walinipa kwenye mfuko wa nguo zake. Miaka tisa nalala nayo chini ya mto, najiuliza ni ya nani. Nitakurudishia."

"Hapana, dada. Nenda nayo. Huko juu kuna baridi."