Masharubu ya Gergely Bozsik Vitani

Zamani zile, mwanamume wa nyanda za mto Tisza, kwetu Hungaria, alipimwa kwa masharubu yake. Siku hizi wananyoa mpaka nyuso zinatoka kama viazi vilivyomenywa, kisha wanataka waamkiwe. Masharubu ya Gergely Bozsik, fundi wa magurudumu, yalipakwa mafuta ya nguruwe kila asubuhi, na ncha zake zilimtangulia kuingia mlangoni.

Gergely alikuwa na tamaa moja: achaguliwe mwamuzi wa kijiji. Aliyemzibia njia ni Pál Csutorás, mwenye kinu cha unga aliyekitaka cheo hicho hicho, mtu wa chunjua kubwa juu ya pua.

Kiangazi kimoja akaja mchoraji kutoka mji mkubwa wa Pest, akitafuta nyuso za kutia katika picha ya vita vya kale na Waturuki.

"Nitakuchora katikati, umesimama, upanga juu," alimwambia Gergely. "Wewe ndiye mshindi."

Gergely hakuuliza zaidi. Alikaa mbele ya turubai shingo imekakamaa, huku mkewe Borbála akimlisha mchoraji bata bukini mpaka bandani yakabaki manyoya. Majira yote ya baridi, kilabuni hakukunyweka kwa majigambo yake.

Theluji ilipoyeyuka, picha ikatundikwa katika ukumbi wa mji wa jimbo, na kijiji kizima kikapanda mikokoteni kwenda kuitazama. Ilikuwa kubwa kama mlango wa ghala, bado inanuka mafuta ya kitani. Gergely alikuwemo kweli: katikati, upanga juu, masharubu yanang'aa. Na kichwani, kilemba cha pasha, jemadari wa Waturuki.

Pál akashika mbavu. "Jamani, kaka Gergely kawa Mturuki! Dada Borbála, wake wenzako umewaacha wapi?"

Ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Gergely aliona cheo cha mwamuzi kinamponyoka. Kosa lilikuwa lake. Mhungari gani huambiwa kuna mshindi asiulize wa upande gani? Vita tulivyoshinda wachoraji wetu hawavitaki. Wanataka vile tulivyopigwa, ndivyo vinavyoliza watu.

Borbála hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia rangi.

"Na huyu kapteni wetu, maiti chini ya buti la mume wangu, mbona ana chunjua puani?"

Watu wakasukumana kuona. Pál akageuka rangi ya unga wake.

"Aliniambia nitakuwa kapteni," alinong'ona. "Nikampa gunia zima la unga!"

"Na kapteni umekuwa, swahiba," alisema Gergely, akisokota masharubu. "Sasa nyamaza. Marehemu hacheki."

Siku ya uchaguzi, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema, "Mimi sina maneno. Nani kamkanyaga nani, tumeona wenyewe." Mikono ikanyooshwa kwa Gergely.

Aliitwa Pasha mpaka siku ya kuzikwa. Ile picha wameiondoa ukumbini, wametundika ya mheshimiwa fulani, kanyoa, na hakuna ajuaye amewahi kumwangusha nani.