Kinu Kilichokataa Mtama Wangu

Juzi mjukuu wangu Atieno alikuja na kamera kupiga picha kile kinu kikuukuu cha machimbo ya dhahabu ya Macalder. "Dani, filamu inaisha, simama hapo karibu na chuma." Mimi bibi yake nikasimama, nikanusa kutu, na mara nikajiona mtoto mwenye beseni kichwani.

Mama alikuwa amejifungua, na mgongo ukamkatalia kuinamia jiwe la kusagia. Kazi ikawa yangu. Nami nilikuwa nimesikia kwamba machimboni kuna kinu kinachosaga mchana kutwa bila kuchoka. Basi nikabeba mtama wetu wote, nikaenda.

Ardhi ilitetemeka kabla sijafika. Vyuma vilikuwa vikiponda kwa kishindo, nikachungulia nione unga unatokea wapi. Likatoka tope la kijivu, lenye harufu ya kukwaruza koo.

"Nyako, wewe msichana, unataka nini?" akauliza mwanamume aliyekuwa akitia mawe.

"Nisagie."

"Hapa tunasaga mawe."

"Nani anakula ugali wa mawe?"

"Wazungu. Ndiyo maana hawashibi. Rudi nyumbani, na usiguse kitu."

Nilimwona mchoyo tu. Nikarudi, nikapiga magoti kwenye jiwe, nikasaga huku nikimlaani.

Atieno, ambaye amesoma, ameniambia kwamba tope lile lilikuwa na sumu ya kuoshea dhahabu. Jioni ile niliyofukuzwa kinuni, mama alikunywa uji wa mtama ule, akamnyonyesha ndugu yangu Ouma, ambaye leo ana wajukuu wengi kunishinda na bado ananibishia kila kitu.