Rangi nyeusi iliruka kwa gari nyeupe ya marehemu baba siku moja kabla ya harusi: nimerudi kusema asante

Niaje wakuu.

Wale wanakumbuka ile picha niliweka hapa ya gari nyeupe imejaa vidoadoa vyeusi kama imeshikwa na surua, mwenyewe ndio mimi. Nimerudi na story yote. Sitatia chumvi, maana wengine wenu mlikuwa ndani yake live na nikidanganya mtanishika hapa hapa.

Kwanza background kidogo.

Gari ni ya mzee wetu. Station wagon nyeupe. Mzee alikuwa civil servant, amepanda ngazi za ofisi huko town maisha yake yote, na hii ndio gari ya kwanza na ya mwisho alinunua. Tulimwambia achukue silver kwa sababu haionyeshi uchafu. Akasema, "Ndio maana nataka nyeupe. Uchafu ukionekana, utaoshwa."

Basi.

Mzee alituacha mwaka jana. Alikuwa amemuahidi dadangu mdogo, Mwende, kwamba siku ya harusi yake atampeleka kanisani na hiyo gari, yeye mwenyewe kwa steering. Committee ya harusi ilipoleta story ya kuhire magari makubwa meusi, Mwende alikataa katakata. "Nitaenda na gari ya baba, ama nitembee."

Mimi kama kaka mkubwa nikapewa kazi moja tu. Gari iwe safi.

Sasa, mwenye gari nyeupe Nairobi anajua hiyo si kazi ndogo. Mimi naishi Mountain View. Kuna vumbi inatoka upande wa Kangemi, kuna moshi ya malori ya Waiyaki Way, na kuna ndege ambao nina uhakika wananichukia personally.

Kwa wale wataniuliza, mimi huosha kwa kivuli, body ikiwa imepoa. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa, ili mchanga usirudi kwa rangi. Naanza na roof nashuka. Rims zina kitambaa chao, hakigusi body hata siku moja. Sabuni ya vyombo achaneni nayo, inakula wax. Na kinyesi cha ndege usingoje weekend. Weka kitambaa chenye maji juu yake kilainike, ndio upanguse polepole. Ukikwaruza kikavu umejichorea.

Haya, turudi.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ndio harusi, nimeosha gari nikapaka wax mpaka naona uso wangu. Nikaiacha nje ya gate nikaingia kunywa chai na mama, alikuwa amefika kutoka Machakos.

Jirani naye alikuwa ameleta fundi wa kuspray gate yake. Rangi nyeusi. Upepo nao ukaamua kugeuka.

Nilitoka nikapata upande wote wa kushoto, bonnet na nusu ya roof zimejaa vidoti. Nilipitisha mkono, ikakwaruza kama msasa.

Fundi, jamaa anaitwa Kevo, alikuwa ameshika kichwa. "Boss, walahi sikuona. Nilikuwa nimeangalia gate tu."

Sikuweza hata kumkasirikia. Mama alitoka, akaangalia gari, akarudi ndani akafunga mlango. Wakuu, hiyo iliniuma kuliko kelele yoyote.

Kevo akaleta thinner yake. "Hii itatoa, boss. Hii hutoa kila kitu."

Kitambaa kilikuwa kwa mkono wangu tayari. Sijui ni nini kilinisimamisha. Nikapiga picha nikaiweka hapa, nikaeleza gari ni ya nani na kesho ni nini. Mmoja wenu akaniambia ninunue gari nyeusi (nakuona, na nimekusamehe). Mwingine akasema petroli. Halafu ikaingia comment ya member mmoja, hapa nitamwita Ustadh kwa sababu ndio kazi yake, anafundisha madrasa huko town:

"USIGUSE NA THINNER. Itayeyusha rangi ya gari pamoja na hiyo nyeusi. Uko wapi, kaka?"

Nikamwambia inbox. Akajibu kwamba anaishi mtaa wa Satellite, akitoka swala ya Ijumaa atapitia nyumbani achukue vitu vyake, aje.

Ukweli, sikuamini. Watu wa internet mnajuana.

Lakini alasiri gari nyeupe ikasimama nyuma ya yetu, inang'aa hadi nikaona aibu. Akashuka mzee wa makamo, kanzu na kofia, mkononi kikapu cha plastiki.

"Hamjambo hapa? Mwenye harusi ni yupi?"

"Ni dadangu. Ameenda salon."

"Mwenyezi Mungu ambariki. Haya, tuonyeshe huyo mgonjwa."

Akakunja mikono ya kanzu. Kwa kikapu akatoa clay bar, ule udongo laini wa kusafisha rangi ya gari, unaufinyanga kama chapati. Akaugawa nusu mbili, moja akairudisha kwa kikapu. Tukapulizia body maji yenye shampoo, tukawa tunausugua juu taratibu, bila kuukandamiza. Vidoti vikaanza kuhamia kwa udongo. Ukichafuka, unaukunja upate uso msafi, unaendelea. Kevo akawa wa maji, anakimbia na ndoo bila kutumwa.

Tulikuwa tumefika kwa mlango wa nyuma udongo ukaniponyoka, ukaanguka chini. Nikauokota haraka nirudi kazini.

"La! Hapana, kaka!" Ustadh akanishika mkono. "Huo umeshakula mchanga. Ukiupitisha hapo utachora gari yote. Tupa."

"Sasa tutamaliza na nini?"

Akacheka, akatoa ile nusu nyingine. "Hata mimi huniponyoka."

Mwende akatokea na rollers kichwani. Aliangalia gari, akaangalia huyu mzee asiyemjua amepiga magoti kando ya tairi na kanzu yake nyeupe. Akaweka handbag kwa ukuta, akachukua kitambaa, akaanza kukausha nyuma yetu. Hakuna mtu alimwambia.

Ndio mama akatoka na chai na chapati. Akamuuliza Ustadh kile mimi niliogopa kumuuliza.

"Baba, wewe hutujui. Umetoka Satellite kutufanyia kazi namna hii kwa nini?"

Ustadh akapangusa mikono. "Mama, mwaka juzi nilimuoza binti yangu Mombasa. Siku kama ya leo baba hapati hata nafasi ya kukaa, kila mtu anamtaka. Kijana wako aliandika kwamba baba yao hayupo. Nikasema, basi nije nishike japo kazi moja."

Mama aliingia ndani tena. Lakini safari hii alirudi, macho mekundu, na chapati zingine.

Kabla jua lizame tulikuwa tumepitisha polish laini na kurudisha wax. Nilipitisha mkono kwa bonnet. Kioo.

Jumamosi nikampeleka Mwende kanisani. Mama mbele, bibi harusi nyuma, na mimi kwa kiti cha mzee. Watu walisimama barabarani kuangalia, na haikuwa gari kubwa. Ilikuwa tu safi.

Ustadh tulimlazimisha kuja reception. Alikuja na mkewe wakakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. MC akafika ile part ya kutambulisha familia, akasema, "Sasa wazee wa upande wa bibi harusi wasimame tuwaone." Ami zangu wakasimama.

Mama akamnong'oneza MC sikioni. MC akarudi kwa mic.

"Naambiwa kuna mmoja amebaki ameketi. Yule wa kofia pale mlangoni. Simama, mzee wetu."

Ukumbi ulipiga makofi. Ustadh alisimama ameangalia chini, mkono kifuani.

Wakuu, lesson ya gari ni fupi. Rangi ya spray ikirukia gari yako, usikimbilie thinner. Tafuta clay, sabuni na subira, na kama rangi ya gari ni ya zamani sana, jaribu kwanza mahali padogo pamejificha.

Hiyo nyingine siwezi kuifupisha. Mimi niliingia hapa kuuliza dawa ya madoa, nikatoka na mtu ambaye mama sasa humpigia simu kuliko anavyonipigia.

Ustadh, najua unasoma na hutacomment. Asante. Familia yote inasema asante.

Nyinyi wengine, leteni zenu. Nani hapa ashawahi kuokolewa na mtu hamjuani? Na wenye gari nyeupe, mnapambana aje na hiyo vumbi? Nimeketi, nasoma zote.