Aliyeingia kwa Zamu ya Kombo

Kama unadhani nitakudanganya, acha kusoma hapa hapa, uendelee na shughuli zako. Mie si mtu wa hadithi. Skuli nilitoka darasa la tatu, nikabeba matofali, nikauza kuni, nikanunua spika moja mbovu nikaitengeneza mwenyewe, na leo harusi nyingi za Wawi zinachezwa kwa spika zangu, ndani ya ukumbi nilioujenga kwa mikono yangu. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuzua majini. Na hili halikunikuta usiku, ukasema labda macho yalinidanganya. Lilinikuta mchana kweupe, watu wametoka kusali adhuhuri, jua linawaka.

Mjukuu wangu Raya anasoma chuo cha sanaa, bara. Aliponiambia anasomea usimamizi wa jukwaa nilimuuliza, "Kwani hilo jukwaa linatoroka?" Akacheka, halafu akanieleza. Wapo wanaoigiza, watu wakawaona. Na yupo mmoja haonekani, anakaa ubavuni mwa pazia, na huyo ndiye anayesema sasa taa, sasa ngoma, sasa fulani ingia, sasa fulani toka. Pasipo neno lake hakuna anayekanyaga jukwaa. Ili amalize masomo lazima aifanye kazi hiyo mwenyewe, mwalimu wake akiwa amekaa anatazama. Basi akaja kuifanya ukumbini kwangu. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Mazoezi yalipoanza nikawa mtumishi wake. Mie niliyeajiri watu na kuwafukuza, naambiwa, "Babu, usiguse kitufe mpaka niinue mkono."

Nikimwambia, "Bibi wewe, spika hizi zangu," ananijibu, "Spika zako, mchezo wangu."

Anayeijua kazi yake namheshimu, hata kama nilimuogesha mwenyewe kwenye karai.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Baba mmoja anapiga ngoma na kufukiza ubani nyumbani kwake ili jini aje ampe utajiri. Jini anakuja, kajifunika shuka jeupe gubigubi. Kila anachopewa anakataa, mwisho anamnyooshea mkono binti wa yule baba, ambaye ni bibi harusi. Binti anampa mkono wake, wanatoka wote wawili kwa mlango wa nyuma, na mchezo umekwisha hapo. Binti alikuwa Mize, jirani yetu, mtoto wa pekee kwa mama yake. Jini alikuwa Kombo, kijana wa Kiuyu, mrefu kama nguzo ya umeme, na mdomo wake haujui kufungwa.

Raya alitaka kila kitu kiwe cha kweli ili mwalimu aone. Chetezo cha kweli, makaa ya kweli, ubani wa kweli. Hata ngoma hakutaka ya kubuni. Akaenda kwa wazee wanaopunga majini, akairekodi kwenye simu.

Nikamuuliza, "Na ile ngoma ya kumuaga jini umeirekodi?"

"Ya kumuaga ya nini, babu? Kwenye mchezo haagwi, anaondoka na Mize."

Nikaona sawa. Ni mchezo, bwana, au sivyo?

Siku ya mwalimu ikafika. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, kavaa kofia yake, kaketi mstari wa mbele na kalamu mkononi. Lakini Kombo hayupo. Simu yake haipatikani. Raya anakwenda huku anarudi kule, midomo imemkauka, maana bila jini hakuna mchezo, na bila mchezo hakuna alama. Mara akachungulia nyuma ya pazia, nikaona uso wake unakunjuka.

Akanijia mbio. "Kombo keshakuja, babu. Kapitia mlango wa nyuma. Kasimama mahali pake, kashajifunika. Nimemsalimia hata hakunijibu."

"Kombo hakujibu? Basi anaumwa jino."

Tukacheka, wallahi tukacheka.

Raya akainua mkono, nikawasha ngoma. Ubani ukatiwa kwenye makaa. Yule baba wa mchezo akaita alivyofundishwa, na jini akaingia. Niamini, aliingia vizuri kuliko siku zote za mazoezi. Kombo hutembea kama anakimbilia futari, huyu alitembea taratibu, kama mtu mwenye nyumba yake. Mwalimu mpaka akasogea mbele kwenye kiti. Mie nikasema moyoni, kumbe kijana huyu anaweza.

Nina feni moja kubwa ya kusimama, tuliiweka ubavuni mwa jukwaa kwa ajili ya joto. Ilikuwa inapeperusha pazia, inapeperusha kanga aliyojitanda Mize usoni, moshi wa ubani unakimbizwa huku na huku. Lile shuka jeupe halikutikisika. Lilining'inia wima kama limeloweshwa. Nikalitazama, nikaitazama feni, nikalitazama tena. Mtu mzima hutafuta sababu. Nikajiambia labda shuka zito.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa polepole. Akaingia kijana mrefu, vumbi mpaka kwenye nyusi, helmeti mkononi. Akaja kuinama mezani pangu penye vyombo vya sauti, akaninong'oneza.

"Nisamehe, mzee wangu. Pikipiki imenipasukia mpira njiani. Raya kakasirika sana?"

Alikuwa Kombo.

Yeye akatazama jukwaani, akakunja uso.

"Nafasi yangu mmempa nani? Na shuka mmetoa wapi? Langu hili hapa." Akalitoa kwenye mkoba.

Niambie, ungefanya nini wewe? Nilitaka kusoma Ayatul Kursiyyu, nikaanza katikati, nikarudi mwanzo, nikapotea. Na kule jukwaani mchezo unakwenda. Kile kiumbe kimenyoosha mkono chini ya shuka, na Mize, kanga usoni, haoni kitu, anauinua wake kama alivyofundishwa. Unakumbuka kinachofuata? Wanatoka wawili, kwa mlango wa nyuma. Na nyuma ya ukumbi wangu ni mikarafuu mitupu mpaka bondeni.

Nikamtafuta Raya kwa macho, nikamshika Kombo bega, nikamsogeza kwenye mwanga ili Raya amuone. Akamuona. Nilimuona mjukuu wangu anakauka kama mti. Kusimamisha mchezo mbele ya mwalimu ni kuipoteza kazi yote aliyokuja kuifanya. Aliwaza hilo, baadaye aliniambia. Lakini hakuwaza sana. Akakata hewa kwa kiganja, nami nikazima ngoma.

"Onyesho limesimama," akasema.

Akatoka ubavuni, akapanda jukwaani, na sauti yake haikupanda. "Mize, shusha mkono. Rudi nyuma yangu."

Mize akarudi, ananung'unika ndani ya kanga. Halafu Raya akakigeukia kile kilichosimama, akazungumza nacho kama unavyozungumza na mtu aliyekuja kwako kwenye shughuli.

"Mgeni wetu, tumekuita kwa ngoma na ubani, na wewe umekuja. Ahsante. Shughuli imekwisha. Babu yangu atakufungulia mlango, atakusindikiza."

Babu yake ndiye mimi. Sasa nifanye nini, nikatae mbele ya watu? Nikainuka. Nikafika mlango wa nyuma, nikavuta komeo, nikaufungua wote.

Lile shuka likaja. Lilipofika karibu yangu nilihisi baridi ile unayoihisi ukifungua friji. Likasimama. Shuka likageuka upande wangu, na sauti ikatoka ndani yake. Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu.

"Na mwenzangu?"

"Huna mwenzako hapa," nikasema. "Ulikuja peke yako, utaondoka peke yako. Yule ana mama yake."

"Nimeitwa."

"Umeitwa, na sasa unaagwa. Nenda salama."

Likashuka kizingiti, likaenda katikati ya mikarafuu. Majani makavu yalikuwa yametanda chini, kuku akipita utamsikia. Sikusikia chochote. Niliona weupe baina ya miti, halafu nikaona miti tu. Nikafunga mlango nikakaa chini, pale pale sakafuni, na kanzu yangu safi.

Mize akajifunua kanga. "Mbona mmesimamisha? Leo nilikuwa nalia vizuri." Kisha akamuona Kombo na helmeti yake kule mwisho wa ukumbi. "Yakhe, umefikaje huko? Na mkono wako mbona baridi kama samaki wa kwenye barafu?"

Walikuwa wamegusana. Kidole kimoja tu, ncha.

Raya alimkumbatia mpaka Mize akalalamika anabanwa. Ndipo tukamwambia, na ndipo akalia kweli.

Mwalimu alikuwa amekaa vile vile, kalamu imemuanguka miguuni. Akamuuliza Raya, "Kwa nini ulisimamisha mchezo?"

Raya akasema, "Mwalimu, sikuwa na hakika kwamba wote waliokuwa jukwaani ni wetu."

Mwalimu akavua kofia, akajifuta kichwa. "Basi umeifanya kazi yako," akasema. Akaomba maji ya kunywa. Raya amefaulu, alhamdulillahi, na sasa anaendesha majukwaa huko huko bara.

Mize kaolewa, ana mtoto, mzima wa afya. Kile kidole chake tu, ncha yake mpaka leo haisikii moto. Kwa kidole hicho anageuza mkate motoni, anachokoa makaa, mumewe anamwambia amepata koleo la bure. Tukikumbuka tunacheka, na ni kicheko cha watu waliookoka. Mama yake hacheki.

Raya siku hizi hamruhusu mtu kuingia jukwaani mpaka amfunue uso amtazame machoni, na wanaolalamika anawaacha walalamike. Nawe, kama unafanya michezo hii, fanya hivyo hivyo. Usimpe mtu ishara ya kuingia kwa kuona nguo yake. Na kama umefukiza ubani wa kweli na kupiga ngoma ya kweli, usiseme ulikuwa unaigiza. Anayesikia kule hajui habari ya mchezo wako. Andaa na namna ya kumuaga, tena kwa heshima.

Watu wananishauri niuzibe ule mlango wa nyuma kwa matofali. Niuzibe kwa nini? Yule mgeni alitoka kwa mlango ule, akaenda zake. Siku akija mwengine, nitamtolea wapi?