Gia ya Sefu

Nimezaliwa Bagamoyo na habari za majini nimezisikia mpaka zikanichosha. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba mtu aliyekufa alikuja karakanani kwangu mchana kweupe, siku ya Ijumaa, akataka nimkerezee gia, usinitazame hivyo. Kaa kitako. Ubishi wako uweke mpaka mwisho, maana jibu lake ninalo.

Baba yangu alikuwa mkereza vyuma. Mashine yake aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake la mkonge, na ilizungushwa kwa mkanda na injini ndogo ya dizeli. Kazi iliyompa jina ilikuwa chenso, ile misumeno mikuukuu ya injini iliyoachwa na wakata mbao wa zamani, mingine mizito mpaka ishikwe na watu wawili. Vipuri vyake havikuwapo Dar es Salaam wala Tanga, na huko Ulaya walikuwa wameshaacha kuviunda. Baba alivitoa katika ekseli za malori mabovu. Chenso iliyokuwa imefanywa kiti cha kuku ikiletwa leo, baada ya wiki mbili utaisikia inanguruma.

Mimi ni mwanawe wa pekee, tena wa kike. Nilianza kumshikia tupa nikiwa na miaka tisa, na wanawake wa mtaa wetu wa Dunda wakasema nitaharibika. Sikuharibika.

Kila gia ya baba ilikuwa na nukta tatu, na watu walidhani ni sahihi yake. Kumbe ilikuwa hesabu. Nukta moja aliigonga chini ya jino la kwanza, mbili chini ya jino la mwisho, ili akipiga tupa asipotee akachonga jino mara mbili. Hilo tulilijua yeye na mimi tu, maana hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka mmoja baba aliugua, akalazwa Dar es Salaam, nami nikaenda kumuuguza. Funguo za karakana zikabaki kwa ami Hamadi, mdogo wake. Katika miezi hiyo ikatoka gia moja ikafungwa kwenye chenso ya Sefu, mkata mbao wa upande wa Saadani, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Ikavunjika msituni, mnyororo ukaruka, ukamkata Sefu shingo, akafa palepale. Ami akawaambia watu kwamba gia hiyo kaka yake aliiacha tayari kabla hajaugua, ina nukta zake tatu, na kwamba vipande vyake vimepotelea msituni.

Baba aliamini, maana kweli aliacha gia kadhaa tayari rafuni. Tangu aliporudi hakuigusa tena mashine. Alikuwa akikaa anaitazama mikono yake, hata chai inapoa. Alikufa hivyo, na mimi nilikasirika kuliko nilivyolia.

Mirathi ikagawanywa kwa sheria: nusu yangu, nusu ya ami. Mashine ya kukereza utaigawaje nusu? Ami akapata mnunuzi kutoka Dar es Salaam, wakakubaliana aje kuitazama Ijumaa baada ya swala. Mtoto wa kike kusimama kwenye mashine ni aibu, akaniambia, na tena jina lenyewe la baba yako limeshaoza. Nikamjibu kwamba atanikuta hapo hapo, nimesimama.

Basi Ijumaa hiyo, wanaume wote wako msikitini, mji kimya, nikawasha injini. Nikageuka, mtu yuko ndani. Mrefu, shingoni kajifunga kitambaa cheupe mpaka kidevuni, kabeba peke yake begani chenso ya watu wawili kama aliyebeba jembe. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mtu gani wa pwani asiyeitikia shikamoo ya mtoto?

Akaweka vipande viwili vya gia mezani. "Nataka nyingine," akasema. "Baba yako siwezi kumwomba. Nikimkaribia ananigeuzia uso."

Nikamwambia baba yangu amekufa.

"Najua. Tuko pamoja."

Hapo nikatazama sakafuni. Karakana yetu ilikuwa na vumbi la chuma kutwa kucha, hata paka akipita unamjua alikokwenda. Nyayo zangu zilikuwapo. Zake hazikuwapo.

Niseme kweli: ulimini kulikuwa na Ayatul Kursi. Lakini lile neno la baba kugeuza uso lilinichoma kuliko hofu. Kumbe hata huko aliko bado anaona haya? Kwa kosa gani? Nikavishika vile vipande, na vidole vyangu viwili vikagusa vyake. Vilikuwa baridi kama chuma cha alfajiri.

Nikapiga tupa kwenye jino. Gia ya baba ilikuwa ikikomazwa kwa moto na oili, tupa huteleza tu juu yake. Hii ilimeng'enyuka kama sabuni. Nikaigeuza nitafute nukta. Zilikuwapo tatu, zimejipanga pamoja chini ya jino moja, kama pambo.

"Hii si kazi ya baba yangu," nikamwambia. "Nenda kamwambie. Mwambie hivi: mwanao kasema hii si yako, inua uso."

Akaitua chenso begani. Kisha akasema, "Tengeneza."

Nikatengeneza. Nikakata ekseli, nikakereza, nikatoboa, nikachonga meno, nikagonga nukta moja, kisha mbili, nikaitia moto. Kazi hiyo ni ya kutwa nzima. Wallahi niliimaliza kabla swala haijakwisha, na baadaye nilipopima tangi, dizeli haikuwa imepungua. Gia ilipotoka kwenye oili bado inafuka moshi, aliichukua kwa mkono mtupu, akaigeuza, akaitazama nukta kwa nukta.

Kwa desturi yetu, kipuri kibovu hurudi kwa mwenye chenso, ajue hakuibiwa. Nikamsogezea vile vipande. Akavirudisha kwangu. "Hivi vina mwenyewe hapa," akasema. Nikainama kuvichukua, nilipoinuka sikumwona yeye wala chenso yake.

Ami akaingia na mnunuzi na wazee wawili waliotoka nao msikitini. Niliviweka vile vipande mezani mbele yake.

Uso wa ami ukawa jivu. "Umevitoa wapi?" akasema. "Hivi nilivitupa chooni kwa mkono wangu mwenyewe."

Mzee mmoja akamuuliza taratibu, si vilipotelea msituni, Hamadi? Akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake ya Ijumaa, akasema yote. Alitaka kujaribu mashine wakati kaka yake hayupo, akachukua chuma laini kwa sababu kilikerezeka upesi, akagonga nukta ili kiuzike. Nusu yake ya mashine aliiacha kwangu siku ileile, mashahidi ni wale wazee. Sijamsamehe. Watu husema nimsamehe. Lakini si baba zao waliokufa wakiitazama mikono yao.

Vidole hivi viwili, unaviona? Tangu siku hiyo havijui moto. Mpaka leo nachukua navyo chuma kilichotoka kwenye tanuri, na wateja wangu wanageuka pembeni wasitazame.

Wewe fundi unayenisikiliza, usigonge alama ya mwenzio kwenye kazi yako mbovu ukadhani kaburi limefunga mdomo. Mwenye alama atakufa, aliyeumia atakufa, na bado mmoja wao atakuja kudai, mchana, watu wako msikitini. Na wewe uliyenuna hapo ukisema mwanamke huyu anaota: vipande vile viko kwenye msumari ule ukutani, na tupa ni hii. Simama uje ujaribu mwenyewe.