Freda Kershaw, Rubani wa Royton

Kiwanda cha pamba kilipotufungia mlango, kila mmoja alipewa kiinua mgongo chake. Dada yake Freda alinunua zulia. Mimi nilinunua meno ya bandia. Freda Kershaw, mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyesimamia mashine za kusokota nyuzi tangu ana kumi na minne, alinunua kompyuta, akaiweka mezani jikoni palipokuwa pakikaa mkate.

Mji wetu mzima wa Royton, huku Uingereza, ulicheka. Nami nikaenda kumcheka kwa karibu, nikamkuta anaendesha chombo cha angani ndani ya kioo. Mchezo ule hauna mwisho, wala hakuna wa kukwambia uende wapi. Unapewa chombo kibovu na vijisenti. Unanunua nafaka kwenye sayari ya wakulima, unawauzia wenye viwanda, na njiani maharamia wanakuvizia. Ukiwaangusha wengi, cheo kinapanda. Cha juu kabisa ni Bingwa, na jarida la kompyuta lilikuwa likichapa majina ya waliokifikia. Jina la Freda halijawahi kuchapwa popote. Hata kwenye picha ya kiwanda waliandika "na wengine".

Kinachowashinda watu si vita, ni kuingia kituoni. Kituo kinazunguka, na mlango wake mwembamba unazunguka nacho. Vijana wa duka la kompyuta walikuwa wakijibamiza ukutani kutwa. Freda aliingia mara ya pili tu.

"Hii ni bobini ya kuzungushia uzi tu," alisema. "Unazunguka nayo kwa macho, halafu unapenya. Ukisita, imekula kidole."

Shida ilikuwa kaseti. Mchezo hukumbuka ulipofikia ukiunasa kwenye utepe, tena sharti uwe ndani ya kituo. Redio kaseti yake ikatafuna utepe wa nyimbo, ikapelekwa kwa fundi. Siku tisa Freda hakuizima kompyuta. Alicheza, akalala, akaamka, akaikuta inamngoja. Na cheo kikazidi kupanda. Lakini umeme ukikatika hata kwa kufumba jicho, siku tisa zote zimekwenda na maji. Na umeme wa nyumba zetu ni wa mita ya kulisha sarafu, iko pale chini ya ngazi: unatia peni hamsini, unazungusha kitasa, unapata saa zako.

Jumamosi alasiri nikaichukua ile redio kwa fundi, mvua inaninyeshea. Nikafika uani kwa Freda, nikagonga dirisha kama kawaida yetu. Freda alikuwa na mikono yote miwili kwenye vibonye, maharamia watatu mkiani, kituo mbele yake. Akageuza uso nusu, akanisemesha kwa midomo.

Sisi wa kiwandani ndivyo tunavyosema. Mashine zile husikii hata mawazo yako, kwa hiyo neno tunalisoma mdomoni, hata ng'ambo ya barabara. Ndoa ngapi za Royton zimevunjwa bila sauti! Basi nikasoma: "Pita!" Na kidevu akakirusha pembeni, kama kunionyesha nilikotoka. Si pita ndani, ni pita zako.

Ala! Mimi nimebeba mzigo wako kutoka mjini, wanifukuza kama muuza brashi wa mlango kwa mlango? Nikageuka na redio yangu kwapani.

Nilifika getini nikinung'unika, "Pita! Mimi nipite?" Hapo nikahisi midomo yangu imefumba kwa "pita" na kwa "mimi" sawasawa. M na P. Mdomoni ni kitu kimoja. Msichana mgeni hufundishwa hilo siku ya kwanza: ukiona midomo imefumba, uliza tena. Nina miaka thelathini ya kazi ile, sikuuliza, kwa kiburi tu. Kidevu kilikuwa kinaonyesha ngazi.

Mita.

Nikaingia mbio na matope yangu.

"Tia sarafu!" Freda alipiga kelele, macho hayabanduki kwenye kioo. "Dakika imebaki, kama ipo!"

"Sarafu ziko wapi?"

"Kwenye mkebe!"

"Mkebe mtupu, mwenzangu!"

"Basi chenji ya fundi, Jean! Chenji yangu!"

Nikapekua mfuko. Leso, ufunguo, peremende. Peni kumi, peni kumi, hamsini! Nikapiga magoti chini ya ngazi, gizani, natafuta tundu kwa kidole. Jikoni nasikia risasi, kisha Freda anahesabu mzunguko, "Njoo, njoo, njoo..." Sarafu ikaingia. Nikashika kitasa. Kilikuwa kigumu, nikakikaza, kikafika nusu.

Pap. Umeme ukazima.

Nikamalizia kukizungusha. Taa ikarudi, kompyuta ikalia mlio mmoja, kioo kitupu.

Freda hakunigeukia. "Pua ya chombo ilikuwa imeshaingia mlangoni," alisema. "Na cheo kilishaandikwa. Bingwa. Nimekiona kwa macho yangu."

"Nilisoma pita."

"Ungeuliza."

"Nilikasirika."

"Ulizaliwa umekasirika." Akanyoosha mkono, akaichukua redio, akachomeka nyaya, akatia kaseti ya siku tisa nyuma. Akaipangusa mvua kwa aproni yake, polepole, kama anamfuta mtoto.

Nikavuta kiti. "Haya. Siku tisa tena?"

"Kumi na moja," akasema. "Mbili za kukununia wewe."